Hela za Bibi, Ugomvi wa Mashati

Jamani, jamani! Hivi ndugu zangu mmewahi kuona wanaume wazima, wenye mvi na wajukuu, wakikunjana mashati kwa ajili ya hela ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeigusa? Kama hamjaona, basi hamjapita Ihembe, kwetu Kagera, siku za dirisha la TASAF, siku ambazo mfuko wa maendeleo ya jamii unalipa kaya maskini. Walengwa wenyewe wako zao ofisi ya kijiji, wamekaa kwenye nyasi, vitambulisho mkononi, wanasubiri majina yaitwe. Hawana neno na mtu. Moto unawaka huku kijiweni, kwenye benchi la mbao mbele ya fundi baiskeli. Huyu ana kofia ya kijani ya CCM. Yule gwanda lake la CHADEMA limepauka mpaka huwezi kusema lilinunuliwa likiwa na rangi gani. Katikati yao kuna dereva wa bodaboda aliyekosa abiria, kwa hiyo kazi yake leo ni kupuliza makaa. Mnh! Mimi nasonya tu, mpaka ulimi umechoka.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Majina yamekatwa kwenye orodha ya kaya maskini. Mzee wa kofia ya kijani anatema ganda la kahawa aliyokuwa akiitafuna, anajifuta mdomo kwa kiganja, anatoa hukumu: serikali imefanya jambo la maana, hela ya umma hailiwi na mizimu, waliokatwa walikuwa hewa, na asiyependa ahame. Mzee wa gwanda anaruka juu. Hao si hewa, anasema, ni watu wa damu na nyama tunaowajua kwa majina, na wamekatwa kwa sababu hawakuonekana kwenye mkutano wa chama. Dereva wa bodaboda anachochea: "Mpe, mzee, mpe!" Haya, huyo mwingine naye kasimama. Fundi baiskeli anahamisha vifaa vyake pembeni, maana anawajua.

Sasa ngojeni niwaambie kinachoniudhi. Kijiwe hiki nimekikalia miaka mingi, na masikio yangu hayajaziba. Orodha hiihii, kijiji hikihiki, wakati ilipokuwa ikiongezwa majina, wazee haohao walisema maneno hayahaya, ila walikuwa wamebadilishana. Wa kijani alisema kuongeza ni ishara ya serikali sikivu inayowajali wanyonge, na kwamba hata wakiongezwa maradufu bado ni wachache. Wa gwanda akasema hiyo ni rushwa ya uchaguzi, majina yamejazwa ili kununua kura, wapunguzwe mara moja. Umeona? Wakati wa kuongeza, mmoja alitaka ipunguzwe. Wakati wa kupunguza, huyohuyo anataka iongezwe. Na mwenzake vivyo hivyo kwa upande wake. Loo! Mtu mzima anatembea na imani mbili mfukoni, anachomoa ile inayolingana na shati la siku hiyo.

Halafu kuna hili la kuibandika hela jina la mtu. Hili nalo linanichosha. TASAF ilianza mwaka 2000, enzi za Mzee Mkapa, ikajenga madarasa, zahanati na visima kwa nguvu za wananchi pamoja na fedha za mfuko. Agosti 2012 Kikwete akazindua mpango wa kunusuru kaya maskini, ndipo bibi zetu wakaanza kupokea ruzuku mkononi. Siku zile ukipita vijijini ulisikia "hela za Kikwete". Februari 2020 Magufuli akazindua kipindi cha pili, zikawa "hela za Magufuli". Akaja rais mwanamke, zikawa "hela za Mama". Kila rais akija, hela ileile inabatizwa upya.

Ebo! Lini rais yeyote alitoa hela hiyo kwenye pochi yake? Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 220 mwaka 2012 na nyingine milioni 450 mwaka 2019, na wahisani wengine wakatia mkono wao. Hiyo ya Benki ni mkopo. Wa masharti nafuu, ndiyo, lakini ni mkopo, na mkopo hulipwa. Dereva wetu wa bodaboda ataulipa kila akijaza petroli. Mama anayeuza maandazi pale njia panda ataulipa kwenye sukari na mafuta ya kula. Mtoto aliye mgongoni kwa mama yake leo ataulipa akiwa na ndevu. Kwa hiyo mzee wa kijani anapomshukuru mtu kwa ajili ya hela hizo, na mzee wa gwanda anapozikejeli kana kwamba ni za jirani, wote wawili wanazungumzia deni lao wenyewe. Mdaiwa gani huyo asiyetaka kujua hela ya mkopo wake imekwenda kwa nani?

Kuhusu kaya hewa, nisiwe mnafiki. Zilikuwepo. Uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa zaidi ya kaya 50,000 nchi nzima: marehemu, waliohama, wenye uwezo, na wengine ambao ni viongozi wa vijiji wenyewe. Marehemu anapokea ruzuku! Yuko kaburini chini ya migomba, lakini kila dirisha anasaini. Nani alikuwa anasaini? Hapo kijiwe kinanyamaza, watu wanatazama matairi ya baiskeli. Mzee wa kijani hataki kulijibu hilo kwa sababu mwenyekiti ni wa chama chake. Mzee wa gwanda anafurahi kulijibu kwa sababu hiyohiyo. Lakini muulize huyo wa gwanda, siku majina yanapitishwa ulikuwa wapi? Ahaa! Naye anatazama tairi.

Maana majina hayajiingizi yenyewe. Utaratibu unasema mkutano wa kijiji unaitwa, wananchi wenyewe wanataja kaya zilizo duni kupita nyingine, majina yanaandikwa, watu wa dodoso wanapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za paa, sakafu, mifugo na watoto, kisha orodha inarudi kusomwa hadharani ili anayejua uongo auseme. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba mkutano ukiitwa Ihembe, nusu ya watu wako shambani, robo wako sokoni Omurushaka, na waliobaki wako kijiweni wakibishana kuhusu mkutano ambao uko hatua mia kutoka walipokaa. Orodha inasomewa watu wachache. Wachache wanapiga makofi. Imepita. Miezi sita baadaye ndipo tunagundua ndugu wa fulani yumo na yatima wa fulani hayumo, halafu tunapiga kelele za vyama.

Kuna bibi mmoja wa kitongoji chetu nataka muone jambo lake kwa karibu. Amelea wajukuu wanne, wazazi wao walikwishatangulia. Vidole vyake vina weusi wa utomvu wa ndizi usiotoka hata kwa sabuni. Kadi za kliniki za watoto anazitunza kwenye mfuko wa nailoni, ule mfuko ameufunga ndani ya kitenge, na kile kitenge anakiweka chini ya godoro. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi. Mjukuu wake mkubwa akapata kibarua Mwanza, akabana matumizi, akamtumia bibi mabati kumi. Furaha ilioje! Majirani tulikwenda kusaidia kupaua, tukanywa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Watu wa dodoso walipopita tena wakaandika: paa, bati. Haukupita muda mrefu, jina la bibi halikuitwa. Akaelezwa kwamba hali yake imeimarika, amehitimu, ampishe mwingine.

Mabati kumi ya mjukuu! Bibi alirudi nyumbani kwa miguu, akapita mbele ya kijiwe, tukamwamkia. Akaeleza yaliyomkuta, kwa upole, bila kumlaumu mtu. Kisha akauliza: "Sasa waitu, wanangu, bati nalila?"

Mnajua kijiwe kilifanya nini? Kilibishana! Wa kijani alisema bibi ni mfano wa mafanikio ya mpango, mtu ametoka nyasi amefika bati, hata angepigwa picha. Wa gwanda akasema hii ndiyo serikali yenu, inamwadhibu mjane kwa kuezeka nyumba. Wakapandana sauti. Bibi alisimama hapo na fimbo yake, akisubiri mmoja amalize ili apate jibu, na mwingine anaanza. Mwisho akatuaga, akaenda. Hakuna aliyemwambia kwamba malalamiko yana njia yake, kwamba anaweza kuanzia kwenye kamati ya kijiji, akishindwa apeleke kwa mratibu wa halmashauri, Kayanga. Hakuna aliyejitolea kumwandikia barua. Kalamu ilikuwepo, nilimwona nayo wa kijani mfukoni mwa shati. Karatasi ilikuwepo kwa fundi. Barua yenyewe ni mistari mitano. Nawaambieni ukweli, jambo hili limenikaa kooni mpaka leo.

Na wale wengine wa kijiweni, wasio na chama, wenye falsafa yao: "Mnawapa hela ya bure, wanakwenda kunywa." Hawa ndio wananiua kabisa. Anayesema hivyo ana kibuyu cha rubisi kati ya miguu yake saa nne asubuhi! Amekaa hapo tangu jogoo hajapumzisha sauti, hajashika jembe, anamhukumu mjane kwa ulevi. Mfyuu! Mpango huu ulijaribiwa kwanza katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na watafiti wakafuatilia vizuri vijiji vilivyopata na vilivyokosa. Walikuta nini? Kaya zilizopata ruzuku zilikuwa na watoto wengi zaidi wenye viatu, zilikata zaidi bima ya afya ya jamii, na ziliongeza kuku. Viatu, bima na kuku. Bibi akipata hela ananunua kuku jike, kwa sababu anajua kuku atataga. Sisi wenye kibuyu ndio hatujui kitakachotaga kesho.

Nikisema watu wanabadilishana maneno kwa kufuata mashati, msidhani ni ugonjwa wa Ihembe peke yake. Umeshuka kutoka juu. Mnakumbuka 2010? Dk. Slaa wa CHADEMA alizunguka nchi nzima akiahidi elimu bure. Chama tawala kikacheka. Haiwezekani, kikasema, hela zitoke wapi, huyu anawadanganya. Kijiweni kwetu wa kijani alikuwa na hesabu kamili za kuthibitisha kwamba haiwezekani, alizichora chini kwa kijiti. Miaka mitano haijapita vizuri, 2015, ilani ya CCM ikaja na elimu bila ada mpaka kidato cha nne, na Januari 2016 ikaanza kutekelezwa, serikali ikitoa zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi. Wa kijani akafuta hesabu zake kwa soli ya kiatu. Na wa gwanda, aliyelia miaka mitano kwamba elimu bure inawezekana, sasa akaanza kusema haiwezekani, ni kiini macho, subirini muone. Aa-ah! Mzee, jambo lako limekubaliwa, shangilia basi! Hawezi. Limekubaliwa na shati lisilo lake.

Na mwaka huohuo wa 2015, Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa CCM, akahamia upinzani, akaahidi elimu bure mpaka chuo kikuu. Watu waliomwita fisadi tangu 2007 wakamwita mkombozi. Watu waliompigia magoti wakamwita fisadi. Usiku mmoja tu! Nilikuwepo hapo kwenye benchi, niliwaona wakihama maneno bila hata kuaga.

Nao mwaka 2018 ukaja na vituko vyake. Januari Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Kwa nia alikuwa sahihi, maana kuna shule zilikuwa zinamrudisha mtoto nyumbani kwa kukosa hela ya mlinzi. Lakini kijiweni tafsiri ikawa nyingine: hakuna kutoa hata senti, rais amesema. Mzazi mwenye shamba la kahawa na pikipiki mbili akagoma kutoa kilo moja ya mahindi kwa uji wa mtoto wake mwenyewe. Akafoka kwenye kikao kwamba elimu ni bure. Mtoto akishinda na njaa mpaka saa tisa, analia nani? Mwalimu akiomba kuni anaambiwa anampinga rais. Shule ya msingi ilikuwa ikitengewa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwa mwaka, jamani! Gawanyeni wenyewe kwa siku za masomo, mniambie uji unapikwa kwa kiasi gani.

Vijana wakinisikia wanasema mzee unakumbuka sana mambo ya vyama vingi, wakati wa chama kimoja palikuwa shwari. Nani kawaambia? Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973, enzi za Mwalimu Nyerere. Miaka ya 1980 nchi ikaishiwa, foleni za sabuni, vita na Amin imetuacha weupe, na sisi wa Kagera ndiyo kwetu walikoingilia. Mwalimu akabishana na Shirika la Fedha la Kimataifa mpaka akang'atuka 1985. Mzee Mwinyi akaingia, 1986 akasaini nao. Ada zikarudi. Kuanzia 1993 tukaanza kuchangia gharama hospitalini: daftari ulinunua, glavu ulinunua, na mama mjamzito alikwenda na wembe wake. Kulikuwa na vyama viwili wakati mkataba ule unasainiwa? Kilikuwa kimoja tu, na ndani yake watu walishikana mashati ya rangi moja. Mwalimu alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990, akiitazama serikali ya chama chake mwenyewe ikifanya alichokikataa. Ada ya msingi ikaja kufutwa tena 2001. Imefutwa, imerudi, imefutwa, na kila mara kuna mtoto wa Ihembe aliyezaliwa mwaka mbaya akaishia kuchunga ng'ombe wa watu.

Hilo la mikopo ya asilimia kumi nalo nisiliache, ingawa nikilianza nacheka kwa uchungu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe bila riba wanawake, vijana na wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Aprili 2023 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza bungeni kwamba mikopo isimame kwanza, kwa sababu ukaguzi ulionyesha mabilioni hayarudi na vikundi vingine havipo. Ikasimama mpaka 2024 ilipofunguliwa kwa utaratibu mpya. Kijiweni? Wa kijani alitetea kusitishwa kwa nguvu zake zote: wakopaji ni wezi, wasimamishwe! Mke wake yuko kwenye kikundi cha akina mama waliokwishaandika andiko la kununua maharage na kuyauza msimu ukipanda, wakabaki nalo mkononi. Alirudi nyumbani jioni ile, siku mbili nzima hakuonekana kijiweni. Wa gwanda naye akapiga kelele kwamba vijana wananyimwa haki yao. Kijana wake ni mmoja wa waliochukua pikipiki ya kikundi, akaiuza, na marejesho hajapeleka hata mwezi mmoja! Kwa hiyo anayetetea kukata anaumizwa na kukata, na anayepinga kukata anaye nyumbani aliyesababisha kukatwa. Nani awaambie? Mimi niliwaambia. Wakanigeukia wote wawili, siku pekee niliyowaona wakikubaliana.

Sasa twende mbali kidogo, halafu tunarudi palepale. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Kijiwe chetu kikagawanyika tena! Ihembe, tarafani huko, watu hawajawahi kupanda hata meli ya Bukoba, wako upande wa Trump na upande wa wapinzani wake. Dereva wa bodaboda alishangilia: mwanaume huyo, anabana hela za nchi yake, na viongozi wetu wajifunze. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Nikamuuliza, unajua huduma za UKIMWI kwenye vituo vyetu zimefadhiliwa kwa kiasi kikubwa na nani miaka yote hii? Hakujua. Ni mpango ulioanzishwa na Wamarekani mwaka 2003, na aliyeuanzisha ni George W. Bush, rais wa chama kilekile cha Trump.

Na mkoa wetu ndio wa mwisho kupaswa kulishangilia jambo hilo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa Kagera, mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujawa na jina, watu wetu waliuita Juliana, wakiunasibisha na nguo za magendo zilizotoka Uganda. Tulizika. Kuna nyumba zilibaki na bibi na watoto tu, katikati hakuna mtu. Wale wajukuu wa bibi mwenye mabati, mnadhani hadithi za namna ile zilianzia wapi? Mabibi wa Kagera walijifunza kulea mara ya pili kabla TASAF haijazaliwa.

Lakini hukohuko Marekani likatokea jambo lililonifanya nikae sawa kwenye benchi. Juni 2025 serikali ya Trump ilipeleka kwenye Bunge lao fungu la kupunguza matumizi, dola bilioni tisa na ushei, na ndani yake zilikuwamo milioni 400 za mpango huo wa UKIMWI. Wapinzani walikataa lote, hilo lilitegemewa. Kumbe wamo maseneta wa chama cha Trump mwenyewe waliosema hapana, hizi milioni 400 ziondolewe kwenye panga. Zikaondolewa. Mengine yakakatwa, hilo likabaki. Watu wa shati lilelile! Walikaa upande wa chama chao, wakakiambia hapa umekosea. Na huku kwetu bajeti ya Juni mwaka huo ikaweka tozo ndogondogo ili sehemu yake iingie kwenye mfuko wa UKIMWI, tusiishi kwa kutegemea hasira za mtu wa ng'ambo. Wa gwanda alizilaani tozo zile. Nikamuuliza, ungekuwa wewe ungetoa wapi? Akaniambia atalijibu chama chake kikishika nchi. Yarabi! Mgonjwa anameza dawa leo jioni, mzee.

Mimi sisemi watu wasiwe na vyama. Wawe navyo, wapige kampeni, wavae wanachotaka. Na sisemi kila jina likikatwa ni dhuluma, wala kila jina likiongezwa ni huruma. Kuna kukata kwa haki, marehemu atoke kwenye orodha leo kabla ya jua kuzama. Kuna kukata kwa uzembe, kama kwa yule bibi wa mabati kumi. Anayeweza kutofautisha hayo mawili si waziri aliye Dodoma, wala si Benki ya Dunia, wala si kiongozi wa upinzani aliye Dar es Salaam. Ni jirani. Jirani ndiye anayejua kwamba mabati ni ya mjukuu, kwamba yule mwingine ana nyumba ya kupangisha Kayanga, kwamba yule wa tatu alizikwa mwaka juzi na sote tulikula msibani kwake. Na jirani huyo mwenye ujuzi wote huo yuko kijiweni anabishana kuhusu Trump!

Mzee wa kofia ya kijani na mzee wa gwanda, nawaheshimu, tumekua pamoja, mnajua siwasemi kwa chuki. Hebu kwa mara moja tu mfuatane, mmoja ashike kalamu, mwingine ashike karatasi, mkamwandikie bibi ile barua. Na nyinyi wengine wote, mlio Ihembe, Nyaishozi, Bugene, mpaka huko Kyerwa, sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Usipoitwa, mwulizeni mtendaji kwa nini haujaitwa. Ukiitwa, nendeni. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe, orodha isomwe jina kwa jina. Likisomwa la marehemu, sema. Likirukwa la mwenye haki, simama ulitaje, hata kama mwenyewe ni wa chama kingine.